Sumaku: Namna ya Kuielewa, Kuitengeneza na Kuitumia

Mtu anayesugua sindano kwa sumaku hudhani kwamba anahamisha nguvu kutoka kwenye sumaku kwenda kwenye sindano, kama anayemimina maji kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Dhana hiyo si sahihi. Sumaku nzuri inaweza kusugua sindano mia moja na isipungukiwe, na sindano yenyewe haipokei kitu ambacho haikuwa nacho. Nguvu ilikuwamo ndani ya sindano tangu awali, ila ilielekea pande zote kwa pamoja, hivyo ikajifuta yenyewe. Kusugua ni kuipanga tu. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya wazo hilo moja, kwa kuwa msomaji akilishika vizuri ataweza kutengeneza sumaku, kuitumia, kuitunza na hata kuiua kwa makusudi bila kukariri kanuni nyingi.

Kilichomo ndani ya chuma

Kila elektroni iliyomo ndani ya atomi ina tabia ya sumaku ndogo mno. Katika vitu vingi elektroni hukaa mbilimbili, moja ikielekea upande huu na mwenzake upande ule, na usumaku wao ukafutana. Katika chuma, nikeli na kobalti, baadhi ya elektroni hazina wenza wa kuzifuta, na zaidi ya hapo atomi zilizo jirani hulazimishana kuelekea upande mmoja. Sharti hili la pili ndilo linalozitenga metali hizo na nyingine, kwa sababu ziko atomi nyingi zenye elektroni zisizo na wenza ambazo hata hivyo hazijui kushirikiana.

Swali linalofuata ni kwa nini basi kila msumari usiwe sumaku. Mwaka 1907 mwanafizikia Mfaransa Pierre Weiss alitoa jibu ambalo bado linatumika: ndani ya chuma atomi hujigawa katika vikundi vidogo, na kila kikundi kimepangika kikamilifu, lakini kikundi kimoja huelekea kulia, kingine kushoto, kingine juu na kingine chini. Kwa nje jumla yake ni sifuri. Sumaku inaposogezwa karibu, vikundi vinavyoelekea upande unaokubaliana nayo hupanuka na kumeza nafasi ya jirani zao, na msumari wote ukawa sumaku kwa muda. Upande wa msumari ulio karibu na sumaku huwa ncha (mwisho wa sumaku, wa kaskazini au wa kusini) iliyo kinyume na ile inayoukabili, na ncha zilizo kinyume huvutana. Kwa hiyo sumaku haivuti chuma kikiwa chuma tu. Kwanza hukigeuza kuwa sumaku, kisha ndipo hukivuta. Ndiyo maana pini iliyoning'inia kwenye sumaku huweza kubeba pini ya pili, na ya pili ikabeba ya tatu.

Sumaku ikiondolewa, chuma hutenda mojawapo ya mambo mawili. Katika chuma laini vikundi hurudi haraka kwenye mtawanyiko wao wa zamani, na usumaku hutoweka karibu wote. Katika feleji, ambayo ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo na kukazwa, vizuizi vya ndani hukamata mipaka ya vikundi isirudi, na kitu hicho kinabaki sumaku. Tofauti hii ndiyo inayoamua uchaguzi wa kila kifaa kitakachotajwa hapa chini: anayetaka sumaku ya kudumu hutafuta metali kaidi, na anayetaka sumaku ya kuwasha na kuzima hutafuta metali laini.

Kutokana na hayo, ni rahisi pia kuelewa kwa nini haiwezekani kuitenga ncha moja ya sumaku kwa kuikata. Ukiivunja sumaku katikati hupati ncha ya kaskazini mkono huu na ya kusini mkono ule. Unapata sumaku mbili kamili, kila moja ikiwa na ncha zake mbili, kwa sababu mpangilio wa ndani haukubadilika popote.

Kuitambua sumaku na vitu inavyovivuta

Shaba, alumini, zinki, risasi, dhahabu na fedha hazivutwi kwa kiasi ambacho mkono unaweza kuhisi. Hapa pana kipimo chenye manufaa, lakini kinapaswa kusomwa kwa uangalifu. Pambo linalosemwa kuwa la dhahabu likirukia sumaku, hilo si dhahabu safi. Lisiporuka, hujathibitisha chochote, kwa kuwa shaba nayo hairuki.

Chuma kisichoshika kutu huwashangaza wengi. Sinki nyingi za jikoni na vijiko vingi havishiki sumaku hata kidogo, ilhali visu vya aina hiyohiyo ya metali mara nyingi hushika. Aina moja ya chuma hicho huchanganywa kromiamu na nikeli ya kutosha kiasi kwamba atomi hujipanga kwa umbo la fuwele lisiloruhusu ushirikiano uliotajwa hapo juu; aina nyingine haina nikeli hiyo, na hubaki na usumaku wake. Nikeli pekee huvutwa, chuma pekee huvutwa, na mchanganyiko wao huu hauvutwi. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa kuonyesha kwamba jambo kubwa ni mpangilio wa atomi, wala si wingi wa chuma. Kwa mantiki hiyohiyo, chuma kilichomo katika damu hakivutwi na sumaku, kwa kuwa kila atomi yake imefungwa peke yake ndani ya molekuli kubwa, mbali na wenzake.

Anayenunua sufuria kwa ajili ya jiko la induksheni, yaani jiko la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa njia ya sumaku, abebe sumaku ndogo mfukoni. Ikishika kwa nguvu kwenye kitako cha sufuria, sufuria hiyo itapata moto juu ya jiko hilo. Isiposhika, au ikishika kwa ulegevu, aiache.

Lakini je, utajuaje kwamba kipande ulichonacho mkononi ni sumaku, na si chuma cha kawaida? Kuvutana hakutoshi kuwa ushahidi, kwa sababu sumaku huvuta chuma na chuma huvutwa na sumaku, na mkono hauwezi kutofautisha nani anamvuta nani. Ithibati ya kweli ni kusukumana. Vitu viwili vikisukumana, vyote viwili ni sumaku, na ncha zinazotazamana zinafanana.

Kuna fumbo la zamani ambalo napenda kumpa kila anayeanza kujifunza somo hili. Umepewa fito mbili zinazofanana kabisa, moja ni sumaku na nyingine ni chuma laini, na huruhusiwi kutumia kitu kingine chochote. Utazitambuaje? Chukua ufito mmoja, ugusishe ncha yake katikati ya mwenzake. Ukishika kwa nguvu, ule ulioushika mkononi ndio sumaku, kwa kuwa nguvu ya sumaku hukusanyika nchani. Ukishika kwa ulegevu au usishike kabisa, basi sumaku ni ule uliolala, kwa kuwa katikati yake hapana nguvu ya kuvuta.

Kuuona uga wa sumaku

Eneo linaloizunguka sumaku ambamo nguvu yake hufanya kazi huitwa uga wa sumaku. Ili kuuona, piga tupa kipande cha chuma hadi upate unga kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Tia sumaku ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya jambo lolote, kwa kuwa unga ukiishika sumaku moja kwa moja utakuchukua muda mrefu kuuondoa. Weka karatasi nyeupe juu yake, nyunyiza unga kwa wepesi kutoka juu, kisha gonga ukingo wa karatasi kwa kidole mara tatu au nne. Kila chembe itageuka kuwa sumaku ndogo na kujilaza kufuata uga, na mistari iliyopinda itatokea kutoka ncha moja hadi nyingine. Pale mistari inapobanana, nguvu ni kubwa. Inapoachana, nguvu ni ndogo.

Rudia jaribio hilo kwa sumaku mbili zilizotazamana kwa ncha zinazofanana, kisha kwa ncha zinazotofautiana. Mara ya kwanza mistari itakataana na kupinda pembeni, na katikati patabaki mahali pasipo na kitu. Mara ya pili itaungana moja kwa moja. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliutazama unga wa namna hii katika karne ya 19 na kuamini kwamba mistari hiyo si mapambo, bali ni picha ya kitu halisi kilichomo katika nafasi tupu. Fizikia ya leo imesimama juu ya imani hiyo.

Uga hupungua haraka sana kwa umbali. Ukiwa mbali kwa kulinganisha na ukubwa wa sumaku yenyewe, kuongeza umbali mara mbili hupunguza uga hadi kufikia sehemu moja ya nane. Ndiyo maana sumaku ya ukutani inayobeba karatasi mbili bila shida huangusha kumi, na ndiyo maana pia umbali wa hatua chache ni kinga ya kutosha kwa vifaa vingi vinavyoathirika. Karatasi, mbao, plastiki, kioo, maji na hata mkono wako haviuzuii uga. Kinachoweza kuugeuza ni chuma laini, ambacho huunywa uga na kuupitisha ndani yake. Bati nene la chuma likiwekwa kati ya sumaku na pini, pini hulegea.

Sindano kuwa dira

Chukua sindano ya kushonea iliyotengenezwa kwa feleji, ukague kwanza kwamba sumaku huivuta. Ilaze mezani na kuishikilia kwa kidole upande wa tundu. Weka ncha moja ya sumaku karibu na tundu hilo, ivute juu ya sindano hadi kwenye makali, kisha iinue juu kabisa, kiasi cha kiganja kizima, na kuirudisha kwa njia ya hewani hadi ulipoanzia. Fanya hivyo mara 40. Makosa yanayoharibu kazi ni mawili: kusugua kwenda na kurudi, ambako kila safari ya kurudi hubomoa iliyopangwa na safari ya kwenda, na kuirudisha sumaku chinichini karibu na sindano, jambo ambalo ni kosa lilelile katika sura nyingine. Sindano iliyofanikiwa itainua pini au sindano nyingine nyepesi.

Unaweza kujua mapema ncha zitakaaje. Mwisho wa sindano ambao sumaku iliugusa mwishoni hupata ncha iliyo kinyume na ile iliyotumika kusugua. Ukisugua kwa ncha ya kaskazini kuelekea kwenye makali, makali yatakuwa kusini.

Sasa pitisha sindano katika kipande chembamba cha kizibo, au ilaze juu ya kipande bapa cha povu la kufungashia, na uiweke ielee juu ya maji katika bakuli la plastiki au la kioo. Bakuli la chuma halifai, wala meza yenye miguu ya chuma, na simu iwekwe mbali kwa kuwa spika yake ina sumaku ndani. Maji yakitulia, sindano itajizungusha polepole na kusimama ikielekea kaskazini na kusini. Ikiwa hukumbuki ulisugua kwa ncha ipi, simama asubuhi huku mkono wako wa kulia ukielekea upande wa mawio. Uso wako utakuwa unatazama kaskazini, na mwisho wa sindano unaotazama huko ndio uupake rangi.

Wachina walikuwa na maarifa haya mapema sana. Mwanazuoni Shen Kuo aliandika mwaka 1088 kuhusu sindano iliyosuguliwa kwa jiwe la sumaku, akabainisha pia kwamba haielekei upande halisi wa dunia bali hukengeuka kidogo. Jiwe hilo la asili ni magnetiti, madini yenye chuma na oksijeni. Na mwaka 1600 daktari Mwingereza William Gilbert alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba sindano haivutwi na nyota wala na mlima wa sumaku ulioko mbali, bali dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Kukengeuka alikokuona Shen Kuo hutofautiana kati ya mahali na mahali, na hubadilika miaka inavyopita kwa sababu ncha za kisumaku za dunia huhama. Mwenye kutumia dira pamoja na ramani hana budi kusoma kwenye ukingo wa ramani ni nyuzi ngapi za kuongeza au kupunguza, na aangalie pia ramani hiyo ilichapishwa lini.

Hapa pana jambo linalowachanganya wanafunzi, nami naona ni afadhali lisemwe waziwazi. Ncha ya sumaku huitwa ya kaskazini kwa sababu huelekea kaskazini. Kwa kuwa ncha zinazofanana husukumana, ni lazima ile ncha ya dunia iliyo upande wa kaskazini iwe, kwa lugha ya sumaku, ncha ya kusini. Hakuna kosa katika vifaa. Ni majina tu yaliyotolewa kabla sababu haijajulikana.

Uga wa dunia ni dhaifu mno. Hupimwa kwa maikrotesla, yaani sehemu za milioni za tesla, kipimo cha uga wa sumaku, na juu ya uso wa dunia huwa kati ya 25 na 65 hivi. Mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kwa kawaida hutumia tesla 1.5 au 3, yaani zaidi ya mara 20,000 ya uga huo.

Sumaku ya kuwasha na kuzima

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwalimu wa fizikia mjini Copenhagen, aliona sindano ya dira ikiyumba kila alipopitisha mkondo wa umeme katika waya uliokuwa karibu. Ilikuwa mara ya kwanza umeme na usumaku kuonekana wazi kuwa na uhusiano. Miaka michache baadaye Mwingereza William Sturgeon alizungushia waya kwenye chuma kilichopindwa kama kiatu cha farasi, akapata sumaku inayozaliwa mkondo unapopita na kufa unapokatwa. Kifaa hicho huitwa sumakuumeme, na kukitengeneza ni kazi ya dakika 15.

Tafuta msumari wa chuma wa sentimita 10 hivi, au bolti ya urefu huo ambayo ni bora zaidi kwa unene wake. Tafuta pia waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, ule ambao mafundi husukia mota, wenye kipenyo cha nusu milimita hivi. Acha sentimita 20 za waya zikining'inia, kisha anza kuuzungusha waya kwenye msumari, mzunguko ukigusana na mzunguko, daima kuelekea upande uleule. Ukifika mwisho wa msumari unaweza kurudi juu ya tabaka la kwanza, mradi hugeuzi mwelekeo wa mzunguko. Fikisha mizunguko 100, acha tena sentimita 20, kisha paruza vanishi kwa msasa kwenye ncha zote mbili hadi shaba ing'ae. Watu wengi hushindwa hapa: vanishi haionekani kwa urahisi, na waya usioparuzwa hautapitisha kitu.

Gusisha ncha hizo kwenye betri moja ya volti 1.5, na msumari utanyanyua pini. Usizidishe sekunde chache kwa kila jaribio, kwa sababu waya una ukinzani mdogo, yaani hauuzuii sana umeme, na mkondo ni mkubwa. Waya utapata joto na betri itaisha upesi. Usiunganishe kamwe waya huu kwenye umeme wa ukutani. Usitumie betri ya gari, wala ya simu, wala ya kompyuta, kwa kuwa hizo hutoa mkondo mwingi wa ghafla unaoweza kuunguza mkono au kuwasha moto.

Jaribu sasa kuhesabu pini kwa mizunguko 50, kisha kwa 100. Utarajie ongezeko, lakini usishangae lisipokuwa la mara mbili kamili. Nguvu hutegemea idadi ya mizunguko ikizidishwa kwa mkondo, na kila unaporefusha waya unaongeza ukinzani unaopunguza mkondo huo. Nyaya nene na betri imara huondoa sehemu ya kikwazo hicho. Ukichomoa msumari na kubaki na waya mtupu, pini haziinuki kabisa au huinuka kwa shida, na hapo ndipo wazo la mwanzo linapojionyesha tena: waya hufanya kazi ya kuamuru, na vikundi vya ndani ya chuma hufanya kazi ya kuvuta. Ukikata mkondo na pini moja au mbili zikabaki zimeshika, ujue msumari wako una ugumu wa feleji kidogo, na baadhi ya vikundi vimekataa kurudi.

Ili kujua ncha ya kaskazini iko wapi, kumbatia msumari kwa mkono wa kulia, vidole vikifuata mwelekeo wa mkondo kutoka upande chanya wa betri kuelekea upande hasi. Dole gumba linaonyesha kaskazini. Geuza betri, na ncha zitabadilishana.

Sumaku zilizotuzunguka

Ukishaielewa sumakuumeme, sehemu kubwa ya vifaa vya umeme inafunguka. Ndani ya spika, waya uliozungushwa umegundishwa kwenye koni na kuwekwa ndani ya uga wa sumaku ya kudumu. Mkondo wa sauti hubadilika mara mamia au maelfu kwa sekunde, waya husukumwa na kuvutwa kwa kasi hiyohiyo, na koni hupiga hewa. Mota hutumia kani hiyohiyo, ila imepangwa izungushe badala ya kutikisa. Feni, mashine ya kufulia, pampu na mtetemo wa simu ni mota tu kwa ukubwa tofauti.

Mwaka 1831 Faraday alionyesha kwamba njia hii hupitika pia kinyumenyume, kwamba uga unaobadilika huzalisha umeme katika waya. Jenereta na transfoma zote hutokana na jambo hilo. Unaweza kulishuhudia bila kifaa chochote cha gharama: dondosha sumaku yenye nguvu ndani ya bomba la shaba au alumini lililosimamishwa wima. Metali hiyo haivutwi na sumaku, na bado sumaku itateremka polepole kana kwamba imo ndani ya asali, kwa sababu mwendo wake huzalisha mikondo katika bomba, na mikondo hiyo hujenga uga unaoupinga mwendo uleule. Nimelitazama jaribio hili mara nyingi na bado sichoki nalo. Breki za baadhi ya treni hufanya kazi kwa njia hiyo, bila kugusana na kitu na bila kulika.

Mlango wa friji hufungwa na ukanda wa mpira uliochanganywa na unga wa sumaku. Zamani milango hiyo ilikuwa na komeo la nje, na watoto waliojificha ndani walikufa kwa kukosa hewa. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 iliyotaka kila friji iweze kufunguliwa kutoka ndani, na sumaku ikawa jibu jepesi. Wafugaji nao humnywesha ng'ombe sumaku laini isiyo na kona, ikakaa tumboni maisha yake yote na kunasa misumari na vipande vya waya anavyomeza na majani, visije vikatoboa tumbo na kufika moyoni.

Kwa fundi, bisibisi yenye usumaku huokoa skrubu ndogo zisipotee. Isugue kwa sumaku kama ulivyosugua sindano. Ukitaka kuiondolea usumaku, izungushe mbele ya sumaku yenye nguvu huku ukiisogeza mbali taratibu hadi urefu wa mkono, ili kila mzunguko uache vikundi katika mwelekeo tofauti na ule uliotangulia, kwa nguvu inayozidi kupungua.

Kuhusu bangili na mikanda ya sumaku inayouzwa kwa madai ya kutuliza maumivu, majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu hayajaonyesha kwamba hufanya kazi. Pesa hizo zifae matibabu ya kweli.

Utunzaji na hatari

Vitu vitatu huua sumaku: joto, pigo, na uga wa sumaku nyingine yenye nguvu inayoikabili kinyume. Vyote vitatu huvuruga mpangilio. Chuma hupoteza usumaku wake wote kikifika nyuzi joto 770 za Selsiasi. Shika sindano uliyoisugua kwa koleo, ipashe kwenye moto wa gesi hadi ing'ae nyekundu, iache ipoe, na utaona haiinui tena pini. Sumaku za neodimiamu, zilizovumbuliwa katika miaka ya 1980 na ambazo leo ndizo zenye nguvu kuliko zote za kudumu, zina udhaifu hapa: zile za kawaida huanza kupoteza nguvu isiyorudi zikivuka nyuzi 80 hivi, kwa hiyo zisiachwe karibu na jiko wala juu ya injini. Fito za feleji za darasani zihifadhiwe mbilimbili, ncha ya kaskazini ya moja ikilala kando ya kusini ya nyingine, na kipande cha chuma laini kikiunganisha ncha kila upande, ili uga uwe na njia kamili ya kupita na usijile wenyewe.

Sumaku za neodimiamu ni ngumu lakini huvunjika kama kigae. Mbili kubwa zikirukiana hubana kidole hadi damu, au hupasuka na kurusha vipande vinavyoweza kuingia jichoni. Zitenganishe kwa kuziteleza pembeni, si kwa kuzivuta wima, na usizitoboe wala kuzikata, kwa kuwa vumbi lake huwaka moto. Kadi zenye ukanda mweusi wa sumaku ziwekwe mbali nazo. Chipu ya kadi haifutiki kwa njia hiyo, lakini ukanda hufutika. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiweke sumaku, wala simu au vipokea sauti vyenye sumaku, karibu na kifua. Umbali wa sentimita 15 ndio unaoshauriwa kwa kawaida.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya mtoto kumeza. Sumaku moja huenda ikapita bila madhara, lakini mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, hutafutana ndani ya tumbo zikiwa katika mikunjo tofauti ya utumbo, zikabana kuta zilizo katikati yake hadi zikatoboka. Mtoto anaweza kuonekana mzima kwa saa nyingi huku hayo yakiendelea. Ukishuku tu kwamba amemeza, usimpe dawa ya kumtapisha wala usisubiri sumaku zitoke zenyewe. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, uchukue na nyingine zilizobaki ili daktari aone ukubwa wake, na umwambie waziwazi kwamba zilizomezwa ni sumaku, kwa maana katika picha ya eksirei sumaku mbili zilizoshikana zinaweza kuonekana kama kitu kimoja kisicho na hatari.